Mnara Uliowapa Mgongo Watu wa Orvale

Kijiwe cha Orvale kipo mbele ya duka la mikate la Doña Chela, na benchi lenyewe ni siti ya nyuma ya basi la shule lililokufa, imeegemezwa ukutani panapopata jua. Wanaoikalia ni wanaume waliomaliza magoti yao kwenye mashamba ya matufaha ya bonde la Yakima, jimbo la Washington, sasa wamebaki na midomo, ambayo haijachakaa hata kidogo. Kahawa huchemshwa chunguni pamoja na mdalasini na sukari guru, na ikiisha hakuna nyingine, kila mtu arudi nyumbani akamsumbue mkewe. Asubuhi hiyo ya Februari Don Nazario alifika kabla ya wote, akakaa pembeni, akangoja. Alikuwa akingoja hivyo wiki nzima. Chaneli 38, televisheni ndogo ya Kihispania aliyoianzisha mwenyewe nyuma ya gereji yake ya matairi na kuirusha hewani zaidi ya miaka ishirini, ilizimika Jumapili baada ya mtambo kuungua kule kilimani, na yeye hakumwambia mtu. Alijiwekea nadhiri: akitokea mtu mmoja tu wa kumlalamikia kwamba kwake kuna chenga, atakipanda kilima na magoti yake mabovu akautengeneze. Asipotokea hata mmoja, basi leo mchana bintiye akipiga simu kutoka Seattle na swali lake la kila siku, "Baba, hivi kuna mtu bado anaitazama?", atamjibu hakuna, na leseni itarudi serikalini.

Wa kwanza kuja alikuwa Wakili. Jina la ubatizo ni Eleuterio, lakini zamani aliwahi kumkalimania binamu yake mahakamani katika kesi ya kuendesha gari bila taa, binamu akatozwa faini maradufu, na tangu hapo hakuna aliyemwita jina lingine. Alikuja anatembea haraka, mkono juu.

— Kompadre Nazario! Habari ya chaneli yako umeisikia?

Nazario alikaa wima. Mtu huyu alimsimamia mtoto wake kwenye ubatizo, ndio ukompadre wao. Kama kuna mtu wa kulalamika, ndiye huyu.

— Habari gani, kompadre?

— Ya chaneli! Chaneli 38!

— Sema basi. Imefanyaje?

— Maktaba wanaiandalia sherehe. Wanataka mtu mmoja asimame aihadithie historia yake, na apigwe picha ya gazeti. Nimekwisha kukubali.

— Umekubali nini?

— Kuwa huyo mtu. Wewe usihangaike, tutakuwekea kiti mbele kabisa. Utakaa tu.

Nazario alinyanyua kikombe chake akanywa, kwa sababu kikombe humzuia mtu kutukana.

Doña Chela alitoka na birika na mikate mitamu, na nyuma yake wakaja wawili waliobaki. Nabii, yaani Crescencio, aliwahi kutabiri baridi ya kuua maua ya micheri, ikaja kweli. Ameendelea kuitabiri kila mwaka na haijarudi. Dishi, yaani Baudelio, ndiye aliyefunga madishi ya satelaiti juu ya kila paa mjini, hata la kanisa. Waliposikia habari ya picha ya gazeti, wote wawili walisahau kusalimia.

— Wakili ahadithie nini? Nabii akafoka. Huyu ameijua chaneli lini?

— Mimi ndiye niliyeipigania leseni, bwana. Nilipiga simu Washington.

— Washington gani, sisi si tuko Washington?

— Ile nyingine. Ya Ikulu. Nikawaambia, wanangu, kuna watu huku hawajui dunia inakwendaje. Wakanijibu, sawa, Wakili.

— Walikuita Wakili? aliuliza Doña Chela. Siku hizo ulikuwa unaitwa Kinyonga.

— Hilo lilikuwa jina la salamu tu!

Hapo alisema kweli, bila kukusudia. Siku zile watu walituma salamu za hewani kwa majina ya utani, kwa kuwaogopa watu wa uhamiaji. "Kinyonga anamsalimu Mrefu wa kibanda cha pili na kumwambia sufuria yake irudi." Nazario ndiye aliyezisoma, saa sita mchana, mbele ya kamera moja, huku kompresa ya gereji ikinguruma nyuma ya pazia. Alisoma na majina ya waliozaliwa siku hiyo, walio na siku ya mtakatifu wao wa jina, waliokufa, na mbwa waliopotea. Alifungua mdomo aseme hivyo.

— Mimi siku ya kwanza kabisa...

— Subiri, Don Nazario, Nabii akamkata. Hapo kwenye majina ndipo penyewe. Mnadhani chaneli ilianzishwa na nani? Uhamiaji!

— Wacha wee!

— Uhamiaji, nawaambia! Waliona hawa watu hawakamatiki, wakasema tuwape televisheni, watajitaja wenyewe. Wahenga hawakukosea: mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Na hiyo methali inaingiaje hapo? aliuliza Doña Chela.

— Inaingia kwa kuinama.

— Nabii, Don Nazario si huyu hapa amekaa? Yeye ndiye uhamiaji?

— Yeye hakujua, maskini. Walimtumia.

Mtambo ule Nazario aliupata kwa kuuza lori lake. Antena aliipandisha kwa kamba, yeye na marehemu kaka yake, katika upepo uliotaka kuwatupa ng'ambo ya bonde. Sasa ameambiwa kwamba alitumiwa, tena kwa huruma. Alimtazama Dishi, akitumaini kwamba mtu anayefanya kazi ya madishi, anayeishi kwa mawimbi ya hewani, atakuwa ameona kitu wiki hii.

— Dishi, wewe wasemaje?

— Mimi, Don Nazario, chaneli yako naipenda mpaka basi. Ile misa ya Jumapili! Mnaikumbuka ile misa?

Wote walicheka, hata Nazario. Waya wa kamera haukufika mbali, kwa hiyo misa iliyoonyeshwa ilikuwa ya upande wa kushoto peke yake. Ilipojulikana, upande wa kushoto ukajaa mpaka watu wakakaliana mapajani, wanawake wamesuka, wanaume wamepaka mafuta viatu ambavyo havionekani. Upande wa kulia wakabaki wenye madeni na wasio na nguo mpya. Padri alihubiri juu ya kondoo na mbuzi, hakuna aliyehama.

— Mchumia juani hulia kivulini, Nabii akasema kwa uzito.

— Nyamaza wewe, Doña Chela akamwambia. Dishi, endelea.

— Nilichotaka kusema ni kwamba chaneli ilikuwa nzuri, tatizo ni mnara. Ule mnara uko kilimani hapo, mji uko huku, na antena imetazama kule. Imetupa mgongo! Tangu siku ya kwanza mpaka leo, mgongo. Mjini picha inakuja imechoka kama imetembea kwa miguu. Sasa mimi ningefanyaje? Ilibidi nifunge madishi. Nilifunga kwa uchungu.

— Kwa uchungu na kwa fedha taslimu, alisema Doña Chela.

— Kwa vyote viwili, mama, sikatai.

Hapo ndipo kijiwe kilipowaka. Wakili aliinuka, akaelekeza kidole kilimani, ambako mnara ulionekana mwembamba juu ya vichaka vikavu, na antena yake imetazama mashariki, kwenye mfereji na mashamba, mahali ambapo hakuna mtaa wala duka.

— Swali la historia ndilo hilo! Kwa nini imetazama mashamba? Mimi nina jibu. Fundi alikuwa amelewa.

— Fundi gani? aliuliza Nazario.

— Yule fundi. Alikunywa chupa moja, akanywa nyingine. Haba na haba hujaza kibaba. Akafunga akiwa amegeuka nyuma.

— Hapakuwa na fundi, kompadre. Nilikuwa mimi.

— Basi wewe ulikuwa umelewa, sikutaka kukuaibisha.

— Si pombe, akasema Nabii, sauti ameishusha. Ni mwanamke. Palikuwa na mjane kule ng'ambo ya mfereji, mwenye kuku wengi. Don Nazario alitaka apate picha safi. Sisi wengine tupate chenga, mjane apate picha safi!

— Nabii, nitakuvunja jino.

— Mnaona? Anakasirika. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

— Antena haikui, Nabii, Doña Chela akasema.

Dishi alikuwa anatikisa kichwa, kama daktari anayesikiliza waganga.

— Nyie hamna utaalamu. Tazameni kule kuna nini. Kuna maziwa! Zizi kubwa lile, ng'ombe mia na mia. Sasa sikieni: ng'ombe akisikia muziki anatoa maziwa zaidi, hilo limethibitishwa. Mwenye zizi alifunga televisheni humo ndani, akamwomba Don Nazario aigeuze antena. Miaka yote hii chaneli yetu ni ya ng'ombe. Sisi tulikuwa tunaomba makombo.

— Unatupiga fiksi sasa!

— Fiksi? Kamwambie ng'ombe wa kule kwa Kihispania sogea, uone kama hasogei. Wanakielewa kuliko wajukuu zako!

Wakili alikaa. Hilo lilimpata mahali pabaya, maana Krismasi iliyopita mjukuu wake alimwita, kwa Kiingereza, yule mzee, kwa kuwa Kihispania hakijui. Doña Chela, ambaye amezika mume na kulea wanne kwa unga na hana subira na wanaume wenye kusahau, akalitua birika.

— Na nyie mwaka ule antena inafungwa mlikuwa mnakaa wapi?

— Nani? akauliza Wakili.

— Wewe.

— Mimi nilikuwa mjini.

— Mjini wapi, Eleuterio?

— Mjini. Maeneo ya... mjini.

— Mimi nilipita pita tu, Nabii akadakia. Sikuwa na makazi maalumu. Nabii hana kwao.

— Mimi nilikuwa kwa shangazi, alisema Dishi, na hakuna aliyewahi kumsikia shangazi huyo.

Nazario aliwatazama, na hasira yake ikageuka kitu kizito zaidi. Walikaa kambini, wote. Hakuna Mmeksiko wa Orvale aliyekuwa na nyumba mjini mwaka ule. Walikaa kule kwenye vibanda vya bati kando ya mfereji, choo kimoja kwa familia zote, na Wakili huyu ndiye aliyekuwa akiamka alfajiri kupanga foleni ya maji. Mtambo wa chaneli ulikuwa na nguvu kidogo, hauwezi kumfikia kila mtu, lazima mtu achague pa kuuelekeza. Nazario alielekeza walipokuwa watu wake. Baadaye watu wake walinunua nyumba upande huu, wakafunga madishi, wakapaka rangi milango, na ile kambi wakaifuta midomoni kama mtu anavyofuta mchuzi. Vibanda vingi vilibomolewa. Kwa nini hakuigeuza antena? Mwanzoni ni uvivu, kisha ukaidi, na mwisho alikuwa anangoja mtu aje amwombe. Hakuja mtu. Ilimuuma, na ilimuuma zaidi kwamba bado aliwapenda.

— Kompadre, alisema taratibu. Kibanda chako kilikuwa cha tatu kutoka...

— Kahawa ipo? Wakili akauliza kwa sauti kubwa. Doña Chela, niongezee. Turudi kwenye sherehe. Mimi hotuba yangu nitaianza na Ikulu.

— Utaanza na Uhamiaji!

— Ng'ombe! Watu wa maktaba watapenda ng'ombe!

Mwanamke alikuwa amesimama mlangoni tangu walipofika kwenye ng'ombe. Alikuwa kijana, amevaa aproni ya mpira ya kule wanakopakia matufaha na mtandio umefungwa kichwani, mfuko wa mikate mkononi. Doña Chela alimjua kwa jina tu, Obdulia, na kwamba alifika mwaka jana kutoka Oaxaca na hununua mikate ya jana. Alingoja mpaka wazee wavute pumzi.

— Samahani, wazee wangu. Mnaizungumzia ile chaneli ya thelathini na nane?

— Hiyo hiyo, binti! Wakili akamsogezea nafasi. Kaa hapa usikie historia yako. Mwaka ule mimi nilipopiga simu Ikulu...

— Asante, Don, nawahi zamu. Nilitaka kuuliza tu. Kwangu tangu Jumapili ni chenga. Ni antena yangu imeharibika, au na kwenu haionekani?

Wakili alimtazama Nabii, Nabii akamtazama Dishi, na Dishi akayatazama madishi juu ya mapaa ya mtaa mzima, aliyoyafunga kwa mikono yake, yote yametazama angani upande mmoja.

— Kwangu inakuja na kuondoka, Wakili akasema.

— Jana ilikuja?

— Jana... jana tulikuwa na wageni.

— Na wewe, Don?

— Mimi wiki hii nimefunga, Nabii alisema. Situmii vitu vya dunia.

— Mdomo umejaa mkate, Doña Chela akamkumbusha.

— Kitaalamu, binti, chenga ni neno pana, Dishi akaanza. Kuna chenga za...

— Mtu kauliza swali, Doña Chela akasema. Inaonekana au haionekani? Neno moja.

Wanaume watatu waliokuwa wamepigania historia ya Chaneli 38 asubuhi nzima hawakuwa na hilo neno moja. Doña Chela aliwangoja, kisha uso wake mwenyewe ukabadilika, akainamia birika. Yeye pia alikuwa na dishi.

— Samahani kama nimeuliza vibaya, Obdulia alisema, akidhani ni adabu yake iliyokosea. Ni kwa ajili ya mama mkwe wangu. Hawezi kutembea. Televisheni yenyewe tuliikuta ndani ya trela tunaloishi, ina antena ya masikio tu, na ni chaneli hiyo moja inayoshika, lakini inashika safi. Saa sita wanasoma majina. Juzi ilikuwa siku ya mtakatifu wake, na mimi nilikuwa nimelipeleka jina mapema, pale gereji kuna kopo mlangoni la kutumbukizia majina. Akavaa mtandio wake wa harusi, nikamkalisha mbele. Chenga. Nikamwambia mama, mitambo imechelewa, watakusoma kesho. Jana akauvaa tena. Na leo nimemwacha anauvaa.

Nazario alisikia aibu ikimshuka mpaka miguuni. Kopo lile hakulifungua wiki nzima. Alikuwa amekaa juu ya siti ya basi akingoja kupendwa na watu hawa, na bibi mmoja amevalia anangoja jina lake. Aliweka mkono ukutani akasimama, goti likalia.

— Trela lenu liko wapi, binti?

— Kule kwenye mfereji, pale wanapopaita kambi ya zamani. Bado tupo watu wachache...

Obdulia alimgeukia Nazario sawasawa kwa mara ya kwanza, mfuko wa mikate ukamning'inia mkononi.

— Ni wewe, alisema. Sauti hiyo, na uso huo. Ni wewe unayesoma majina.

— Mama anaitwa nani?

— Escolástica. Escolástica Nicolás.

— Mwambie asivue mtandio. Leo sitawahi saa sita, lakini kabla jua halijazama nitamsoma, na nitamsoma mara mbili.

Alishika ufunguo wa gari. Nyuma yake Wakili alikuwa amesimama pia, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile sauti yake ilikuwa ya kompadre, si ya hotuba.

— Nazario. Kumbe imezimika tangu Jumapili? Mbona hukutuambia?

— Nilikuwa nangoja mniambie nyie.

Wakili alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. Dishi alikuna kisogo. Nabii akadakia, kama kawaida yake.

— Sasa maktaba tukawaambie nini, Don Nazario? Watatuuliza ile antena kwa nini imetazama kule.

— Waambieni mlikuwa mnakaa huko.

Akamfungulia Obdulia mlango wa gari ampitishe kazini, akazunguka upande wake polepole. Dishi aliinuka nusu, kama mtu anayetaka kwenda kumshikia mwenzake ngazi. Halafu akakaa. Gari likaondoka, na mzee akapanda kilimani peke yake.